Nafsi na kesho: namna ya kuwasoma Iqbal, Lahbabi na Bennabi bila kuwapotosha

Aya ya 18 ya Suratul-Hashri inaweka pamoja mambo mawili ambayo watu wengi hupenda kuyatenganisha. Inaitaka kila nafsi iangalie ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Wafasiri wa kale wanaisoma kesho hiyo kuwa ni Siku ya Kiyama, na hawajakosea. Lakini tangu mwisho wa karne ya 19 wamejitokeza wanafalsafa Waislamu, Waarabu na wasio Waarabu, walioishusha hoja hiyo duniani. Mtu mmoja mmoja ni nani? Na ana kazi gani juu ya kesho ambayo bado haijatokea?

Fikra hii huelezwa vibaya kwa njia mbili. Ya kwanza inasema Mwislamu hana "mimi", ana umma tu, na kila anayezungumzia mtu binafsi ameazima Ulaya. Ya pili inasema imani ya kadari iliua kesho zamani: kila kitu kimeshaandikwa, basi mtu akae asubiri. Kauli zote mbili zina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hazifi. Ila ukiwasoma wanafalsafa hao wenyewe kwa utaratibu utaona kwamba kwao suala la mtu na suala la kesho ni suala moja. Mtu anakuwa mtu kwa kuwa mbele yake kuna jambo ambalo halijaamuliwa, na jambo hilo linabaki wazi kwa kuwa wapo watu wa kuliamua. Anayeshika upande mmoja akauacha wa pili huharibikiwa, na nitaonyesha walioharibikiwa.

Mlango aliufungua Muhammad Abduh kwa kitabu chake Risalat al-Tawhid, kilichotoka Cairo mwaka 1897. Anasema humo kwamba kwa imani ya Mungu mmoja mwanadamu alipata mambo mawili makubwa aliyokuwa amenyimwa kwa muda mrefu: uhuru wa utashi, na uhuru wa rai na fikra. Kwa mwanachuoni wa Al-Azhar aliyeandika katika mazingira ya taklidi, yaani kufuata waliotangulia bila kuhoji, hilo ni neno zito. Lakini nafsi ya Abduh haina wakati. Inaweza kuchagua, sawa, ila hatuambiwi hicho kinachochaguliwa kipo wapi kabla ya kuchaguliwa. Kama tayari kimo katika elimu ya Mungu kikiwa kamili, kuchagua kuna maana gani?

Swali hilo alilibeba Muhammad Iqbal (1877–1938), mzaliwa wa Sialkot, Punjab, aliyesoma Cambridge na kupata udaktari wa falsafa Munich. Alianza kwa mashairi ya Kiajemi: Asrar-i Khudi mwaka 1915, kuhusu siri za nafsi, na Rumuz-i Bekhudi mwaka 1918, kuhusu nafsi ndani ya jamii. Kisha akatoa mihadhara kwa Kiingereza katika miji ya India, ikiwemo Madras, Hyderabad na Aligarh. Sita ilichapishwa Lahore mwaka 1930, na toleo la Oxford la 1934 likaongeza wa saba. Hiyo mihadhara ndiyo falsafa yenyewe. Mashairi yanatia moto, lakini hoja zimo katika mihadhara.

Anza na mhadhara wa nne. Iqbal anachota mambo matatu katika Qurani: mwanadamu ni mteule wa Mungu (20:122), pamoja na kasoro zake zote ni khalifa wa Mungu ardhini (2:30), na ni mdhamini wa amana ambayo mbingu, ardhi na milima vilikataa kuibeba (33:72). Amana hiyo Iqbal anaisoma kuwa ni nafsi huru, ambayo mwanadamu aliipokea kwa hatari yake mwenyewe. Kisha anaongeza aya za Suratu Maryam, 93 mpaka 95, zinazosema kila mmoja atamjia Mungu siku ya Kiyama akiwa peke yake. Kwa Iqbal hii ina uzito wa kifalsafa: hata mwisho wa safari nafsi haiyeyuki. Ndiyo maana anaisoma tofauti kauli maarufu ya sufi al-Hallaj, "Mimi ndiye Haki", Haki ikiwa ni jina la Mungu. Masufi wengi waliielewa kuwa ni tone limezama baharini. Iqbal anasema hapana, pale tone linathibitisha kwamba lipo.

Katika mhadhara huohuo anaigusa kadari, na anaigusa pabaya makusudi. Anasema imani ya kadari iliyotawala kwa karne nyingi ilikuwa na chanzo cha kisiasa. Bani Umayya wa Damascus, baada ya kumuua Hussein, mjukuu wa Mtume, pale Karbala, walihitaji mahali pa kutundika maovu yao ili watu wasiasi. Anasimulia kwamba Ma'bad al-Juhani alimwambia Hasan al-Basri kuwa watawala hao wanaua Waislamu kisha wanasema ni amri ya Mungu, na Hasan akajibu kwamba maadui hao wa Mungu ni waongo. Tazama alivyoipanga hoja. Hasemi kadari haipo. Anasema imeporwa.

Kadari yenyewe anaifafanua katika mhadhara wa pili, na hapa ni pa kusoma taratibu. Kwake takdiri, yaani hiyo kadari, ni wakati unapotazamwa kabla uwezekano wake haujafunuliwa. Takdiri ya kitu si amri ya nje inayokisukuma kama msimamizi mwenye fimbo. Ni upeo wa ndani wa kitu hicho, yale yanayoweza kutimia kutokana na kina cha maumbile yake. Anaenda mbali zaidi na kusema hakuna kilicho kigeni kwa mtazamo wa Qurani kuliko wazo kwamba ulimwengu unatekeleza tu ramani iliyokwisha kuchorwa. Ulimwengu unakua, haujakamilika.

Hapo ndipo anapoachana na Henri Bergson, mwanafalsafa Mfaransa aliyemsaidia kufika hapo. Bergson alikataa kwamba maisha yana lengo, akihofia kuwa lengo lililowekwa tangu mwanzo linaufanya wakati kuwa mchezo wa kuigiza tu. Iqbal anakubali nusu. Lengo lililoganda kule mbele, ndiyo, linaua wakati. Lakini maisha yanaunda malengo mapya kadiri yanavyopanuka, na kuwa nafsi maana yake ni kuwa na malengo ya namna hiyo. Mtu hana mstari uliochorwa anaoufuata. Mstari unachorwa na mwendo wake. Bila hatua hii falsafa nzima ya khudi, yaani nafsi, inageuka kuwa maneno ya kutiana moyo, na wengi wanaonukuu beti zake kwenye mabango wameishia hapo.

Matokeo yake ni makali. Katika mhadhara wa tatu, kosa la Adam linasomwa kuwa ni tendo la kwanza la hiari: mwanadamu anatoka katika hali ya silika na kujitambua, na Mungu, kwa kumwumba kiumbe awezaye kuchagua, amekubali hatari kubwa. Katika ule wa nne, hata kutokufa si haki ya kila mtu. Mtu ni mgombea tu. Kuna vitendo vinavyoishikiza nafsi na vitendo vinavyoilegeza, na kipimo cha tendo ni hicho. Katika Asrar ameshataja ngazi tatu za kuilea nafsi: utii, kujitawala, kisha uwakilishi wa Mungu. Angalia kwamba utii unakuja kwanza, na mfano wake ni ngamia mbeba mizigo. Anayeruka ngazi hiyo akaanza na ya tatu hupata majivuno matupu.

Kosa la kwanza la wasomaji linatoka hapo: kumfanya Iqbal kuwa Nietzsche, yule mwanafalsafa Mjerumani aliyehubiri mtu mkuu, mwenye kilemba. R. A. Nicholson alipotafsiri Asrar kwa Kiingereza mwaka 1920, wahakiki wa Uingereza walisema hivyo mara moja. Iqbal alimwandikia Nicholson mwaka uliofuata akieleza kwamba aliandika juu ya Insan Kamil, mtu mkamilifu, wa sufi Abdul Karim al-Jili kabla hajamsoma Nietzsche, na kweli makala hiyo ilitoka Bombay mwaka 1900 katika jarida la Indian Antiquary. Kosa la pili ni kusoma Asrar na kuacha Rumuz. Vitabu hivyo viwili ni mkono wa kulia na wa kushoto. Mwandishi alijua kwamba kitabu cha kwanza peke yake kingeeleweka kuwa sifa za mtu shupavu asiyejali wenzake.

Kosa la tatu ni kutofika mhadhara wa sita. Humo nafsi na kesho vinakutana na sheria. Iqbal anaita ijtihadi, yaani juhudi ya kutafuta hukumu mpya ya sheria, kanuni ya mwendo katika jengo la Uislamu, na anapendekeza itolewe mikononi mwa wawakilishi wa madhehebu mmoja mmoja ipewe bunge. Kwake, kwa zama hizi, ijmaa, yaani makubaliano ya Waislamu, haiwezi kuwa na sura nyingine. Bunge likikosea kwa kutojua sheria je? Anaitazama katiba ya Uajemi ya 1906, iliyoweka kamati ya maulamaa ya kukagua sheria za bunge, na anasema mpango huo ni wa hatari. Dawa anayoiona ni kurekebisha elimu ya sheria yenyewe. Na anataja jambo moja la Punjab ambalo lina thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia: wanawake Waislamu waliotaka kutoka katika ndoa mbovu walisukumwa mpaka kuritadi, kwa kuwa fikihi iliyotumika na mahakama haikuwapa njia nyingine. Mtu mmoja, mwanamke, analazimika kuacha dini ili aipate kesho yake. Sheria ya kuvunja ndoa za Kiislamu ilipitishwa India mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kifo cha Iqbal. Lakini mshairi wa Kituruki Ziya Gökalp alipodai usawa wa mwanamke katika talaka na mirathi pamoja, Iqbal alimjibu kwamba mkataba wa ndoa tayari unamwezesha mke kupata usawa wa talaka, na kumkatalia kwenye mirathi. Naona hapo nafsi yake huru ilikumbuka kuwa ni ya kiume.

Nimesema nitaonyesha wanaoshika upande mmoja. Upande wa nafsi alisimama Abd al-Rahman Badawi wa Misri (1917–2002). Kitabu chake al-Zaman al-Wujudi, kilichochapishwa Cairo mwaka 1945 kutokana na tasnifu yake ya udaktari, kinasema kuwapo kote ni kwa wakati, na anayekuwapo kwa kweli ni mtu mmoja. Anapanga hali za moyo na za utashi kwa jozi zinazogongana: mapenzi na chuki, wasiwasi na utulivu, hatari na usalama. Mtu anaruka kutoka uwezekano mmoja kwenda mwingine, na katika kuruka anapoteza uwezekano mwingine wote. Ni kazi ya kipaji, na mihadhara yake ya Beirut, iliyotoka kama kitabu mwaka 1947, ilijaribu kuonyesha kwamba masufi walishafika karibu na mtu pekee wa Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark. Tatizo ni kwamba kwa Badawi mtu mwingine ni kizuizi. Kesho ni yangu tu, na inaishia kwenye kifo changu. Kizazi kilichofuata, waandishi wa jarida la al-Adab lililoanzishwa na Suhayl Idris Beirut mwaka 1953, kilimwacha na kumchukua mwanafalsafa Mfaransa Sartre, yule wa kuwajibika kwa jamii. Sartre naye alizuru Cairo na Gaza mwanzoni mwa 1967, kisha siku chache kabla ya vita vya Juni akatia saini tamko la kuiunga mkono Israel. Udhanaishi wa Kiarabu, yaani falsafa hii ya kuwapo kwa mtu mmoja, haukusimama tena vizuri.

Mohammed Aziz Lahbabi, mzaliwa wa Fes, Morocco, aliyefariki 1993, aliliona tatizo hilo mapema. Kwa maoni yangu ndiye anayestahili kusomwa zaidi ya wote na ndiye anayesomwa kidogo kuliko wote. Aliandika kwa Kifaransa kwanza, halafu vitabu vikapata sura ya Kiarabu. De l'être à la personne (1954) kinaeleza hatua kwa hatua.

Kuna kiumbe, yaani mtu alivyozaliwa: mwili, uhai, jina alilopewa na wengine. Huyo bado ni mali ghafi. Kuna kufanywa na kujifanya mtu, mchakato unaopita katika lugha, kazi, mapenzi na migogoro na wengine. Kinachopatikana ni mtu mwenye nafsi yake, ambaye hata hivyo hakamiliki, kwa sababu kila hali anayoifikia anaivuka. Na mbele kabisa kuna mwanadamu, ambaye ni upeo, mahali tunapoelekea sote kwa pamoja. Ukitazama vizuri, ngazi hizo ni nadharia ya wakati. Kiumbe yuko katika wakati uliopita, mtu yuko njiani, mwanadamu yuko kesho. Hakuna haja ya sura ya pekee kuhusu wakati ujao, maana umefumwa ndani ya maana ya kuwa mtu.

Mwaka 1956, mwaka wa uhuru wa Morocco, alitoa Liberté ou libération? akimkabili Bergson kwa upande ambao Iqbal hakuugusa. Bergson aliweka uhuru ndani kabisa ya dhamiri, katika tendo linalochomoza kutoka kwenye nafsi nzima. Lahbabi anauliza: uhuru huo unamfaa nini mtu aliye chini ya ukoloni, anayehitaji kibali kusafiri na asiyeweza kusoma wala kupiga kura? Uhuru wa ndani hata mfungwa anao. Kinachotakiwa ni ukombozi, na ukombozi unakwenda kwa wingi: uhuru wa kazi, wa elimu, wa kusema, wa kukusanyika, kila mmoja ukipiganiwa kwa jina lake. Hapo mtu binafsi anahesabiwa kwa vitu anavyoweza na asivyoweza kufanya. Nikilinganisha, hoja ya Iqbal juu ya wakati ina nguvu zaidi, ila hoja ya Lahbabi juu ya uhuru ndiyo sahihi zaidi.

Le personnalisme musulman (1964) ni kitabu kidogo, na watu hukosea kwa kukitafutia hoja ya kwamba Uislamu ulivumbua haki za binadamu. Kinachofanywa pale ni kitu kingine. Lahbabi anaichukua shahada kama tendo: "nashuhudia". Kitenzi kiko katika nafsi ya kwanza umoja. Hakuna anayeweza kushuhudia kwa niaba ya mwingine, wala kwa kurithi, na palipo na shahidi pana mtu anayejibu kwa alichokisema. Nia inafanya kazi ileile katika ibada. Lakini shahada hutamkwa mbele ya wengine na kumwingiza mtu katika umma, kwa hiyo "mimi" na "sisi" vinazaliwa kwa tendo moja. Jibu kwa Badawi limo humo bila kumtaja.

Kisha mwaka 1980 alitoa Le monde de demain, chenye kichwa kidogo kinachosema Ulimwengu wa Tatu unashitaki. Katika kazi zake za mwisho alisukuma wazo aliloliita ghadiyya, falsafa ya kesho. Kwa ninavyoiona, shabaha yake ni ule utabiri wa kitaalamu uliokuwa umeshamiri miaka ya 1960 na 1970, wa kuchukua mwelekeo wa nchi tajiri na kuurefusha mpaka mwaka 2000. Kesho ya namna hiyo ni leo ya wenye nguvu iliyopewa tarehe mpya. Udhaifu wa Lahbabi ni kwamba baada ya mashitaka hukumu haiji. Hatuambiwi ni taasisi gani itakayoibeba kesho hiyo mbadala.

Aliyejaribu kushuka hadi kwenye vifaa ni Malek Bennabi wa Algeria (1905–1973), mhandisi wa umeme kwa elimu, na inaonekana. Katika Les conditions de la renaissance (1949) anaandika ustaarabu kama mlinganyo: mtu, jumlisha ardhi, jumlisha wakati. Vitu hivyo vitatu viko kila mahali, hivyo anaongeza kwamba havishikani vyenyewe, kama vile hidrojeni na oksijeni zisivyokuwa maji mpaka kiwepo kinachoziunganisha. Kwake kiunganishi hicho ni fikra ya dini.

Wanaoisoma nusu wanadhani mlinganyo huo ni mapambo. Faida yake ni kuonyesha kosa moja mahsusi: kununua matokeo. Ustaarabu huzaa bidhaa zake. Bidhaa hazizai ustaarabu. Nchi inaweza kurundika mitambo, majengo na magari ikabaki na rundo. Kesho haiagizwi kwa meli.

Na wakati? Bennabi anatoa pendekezo la kiasi ambalo wanafalsafa huona aibu kulitaja. Kila mtu, mtoto, mwanamke na mwanamume, atenge nusu saa kila siku kwa wajibu mmoja maalumu, bila kukatiza. Piga hesabu: nusu saa kwa siku 365 ni saa 182 na nusu, karibu siku 23 za kazi za saa nane, kwa kila mtu, kila mwaka. Lakini hesabu hiyo si shabaha yake kuu. Anataka dhana ya wakati iingie katika akili ya Mwislamu kwa mazoea, maana haiingii kwa hotuba. Hapa mtu binafsi na kesho vimefungwa kwa fundo dogo linaloshikika. Kasoro ni kwamba pendekezo hili hufanya kazi tu kama mtu anajua nusu saa hiyo inaungana na nini cha wengine. Bila mtandao huo linageuka nidhamu ya mtu mmoja mmoja, jambo linalouzwa sana siku hizi kwenye semina za mafanikio. Bennabi alilijua hilo. Ndiyo maana baadaye, katika kitabu chake cha 1962 juu ya kuzaliwa kwa jamii, aliweka mkazo kwenye mtandao wa mahusiano kuliko kwenye watu mmoja mmoja.

Tahadhari moja zaidi kuhusu Bennabi. Dhana yake ya kutawalika, hali ya ndani inayoifanya jamii ikolonike, imetumiwa mara nyingi kumlaumu aliyetawaliwa. Yeye hakumwondolea mkoloni hatia hata kidogo. Alitenganisha visababishi viwili ili kila kimoja kipate dawa yake.

Abdallah Laroui wa Morocco anawapa wote hawa mtihani mgumu. Katika Mafhum al-Hurriyya (1981) anauliza uhuru uliishi wapi katika jamii ya Kiislamu ya zamani, ikiwa vitabu vya fikihi haviuzungumzii kwa maana ya leo, na anapata mahali pane: katika ubedui, katika ukoo, katika uchamungu na katika usufi. Zote nne ziko nje ya dola. Mtu aliyetaka kuwa huru alihamia jangwani, alijificha nyuma ya ndugu zake, alijifunga kwa Mungu wake au alizama katika njia ya kiroho. Sasa dola ya kisasa imefika jangwani, imeuvunja ukoo, na imeweka ofisi ya kusimamia misikiti na zawia za masufi. Malango yote manne yamefungwa, na mtu hajapewa la tano ndani ya dola yenyewe. Hoja hii inawabana Iqbal na Lahbabi pamoja, kwa sababu nafsi zao zinazokua zinahitaji mahali pa kukulia.

Laroui huyohuyo, katika kitabu chake cha 1967 juu ya itikadi ya Waarabu wa leo, alionyesha kwamba kesho ya Waarabu ilionekana kama kesho iliyokwisha kupita kwingine: njia ilishatembewa na Ulaya. Mohammed Abed al-Jabri, naye wa Morocco, aliutazama ugonjwa huo upande wa pili. Akili inayofikiri kwa kiyasi, yaani kwa kupima kisichoonekana kwa kinachoonekana, kila inapotafuta kesho inachukua kielelezo kilicho tayari, ama cha Madina ama cha Paris. Mmoja anasema tunaazima kesho ya jirani, mwingine anasema tunaazima jana yetu. Deni ni lilelile.

Upande wa kesho bila mtu unaonekana vizuri katika miradi ya kubashiri. Kituo cha Tafiti za Umoja wa Waarabu, Beirut, kilitoa mwaka 1988 kazi kubwa juu ya mustakabali wa Waarabu yenye njia tatu: kugawanyika, kushirikiana, au umoja wa shirikisho. Ni kazi ya makini, ila mtendaji katika njia zote tatu ni dola. Mahdi Elmandjra wa Rabat (1933–2014), aliyeongoza Shirikisho la Dunia la Tafiti za Mustakabali kuanzia 1977 hadi 1981, alikuwa ameshasema vingine. Katika ripoti ya 1979 kwa Klabu ya Roma, jumuiya ya wataalamu wanaojadili mustakabali wa dunia, aliyoiandika pamoja na James Botkin na Mircea Malitza, kujifunza kunakofaa kuna sifa mbili zinazokwenda pamoja: kutazamia na kushiriki. Jamii isiyotazamia hujifunza kwa kupigwa na mshtuko. Jamii inayotazamia bila watu wake kushiriki hupata mipango mizuri isiyo na mwenyewe.

Hapa kwetu tuna sababu ya kuifuatilia mijadala hii. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya aliandika kwamba katika fikra za Kiafrika wakati ujao karibu haupo, hauzidi miaka miwili hivi, na akayapa mapande ya wakati majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Ushahidi wake mkuu ulikuwa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Mmoja wa waliomjibu kwa uzito ni Souleymane Bachir Diagne wa Senegal, mwandishi wa kitabu cha mwaka 2001 juu ya Iqbal. Haishangazi ni mtu huyohuyo. Shitaka la kukosa kesho walilotupiwa Waislamu kwa jina la kadari, Waafrika walitupiwa kwa jina la sarufi, na aliyemsoma Iqbal juu ya takdiri anajua pa kushika.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio huu haumpotezi. Kwanza mihadhara ya Iqbal, lakini kwa namba hizi: wa nne, wa pili, wa sita, na wa kwanza uachwe mwisho, maana huwakatisha tamaa wasomaji. Pili Le personnalisme musulman, kwa Kifaransa au kwa Kiarabu, kisha Liberté ou libération? kwa mwenye subira, akiwa amepitia angalau muhtasari wa Bergson juu ya uhuru. Tatu Bennabi wa 1949, bila kuishia kwenye mlinganyo, maana sura fupi ya wakati iko baada yake na ndiyo yenye ile nusu saa. Laroui wa 1981 asomwe baada ya hao wote. Ukimtanguliza, utawasoma wengine ukiwa umeshakata shauri kwamba wanaota. Badawi anaweza kusubiri, isipokuwa kwa anayefundisha udhanaishi. Huyo amsome pamoja na kile kitabu cha 1947.